Hodi ya Tatu Nyumbani kwa Shangazi

Shangazi yangu ana sheria nyingi. Nyingine sina hakika kama ni za dini au ni zake mwenyewe, lakini ya hodi ni ya pande zote mbili. Unapiga hodi mara tatu. Ukijibiwa karibu, unaingia. Usipojibiwa, unageuka na kurudi ulikotoka, hata kama umebeba sinia la biriani linalokuunguza mikono. Huchungulii dirishani wala huulizi jirani. Sisi watoto wa ndugu zake tulilelewa kwa sheria hiyo Kibokoni, katika nyumba ya babu, na nilikuwa mwari wa kuolewa kabla sijajua kwamba kuna watu duniani wanaopiga hodi huku wanasukuma mlango.

Kwa hiyo asubuhi ile afisa wa nyumba wa kaunti alipofika na faili kwapani, shangazi alimwona kutoka dirisha la orofani na akajua la kufanya. Alikaa kitako kitandani akanyamaza. Ikapigwa hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu, tena kwa adabu. Shangazi mwenyewe alikiri baadaye kwamba yule mtu wa bara alikuwa na sauti nzuri. Kisha kimya. Shangazi akamshukuru Mungu, akanyoosha mkono kuchukua tasbihi, na ndipo akasikia brashi ikipita ukutani.

Afisa hakulelewa Kibokoni. Kwake yeye hodi tatu zisizojibiwa maana yake hakuna mtu, na nyumba isiyo na mtu haina wa kubishana naye. Alibandika karatasi mlangoni, na mwenzake mwenye kopo la rangi akachora X nyekundu ukutani, ndefu kuliko mtoto wa chekechea. Shangazi akanipigia simu Mbaraki, ambako mimi ni karani katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini.

"Ndoo," akasema, maana kwake njoo ni ndoo na chini ni tini. "Munisipali wamenipaka rangi."

Serikali ya kaunti yeye bado huiita munisipali, kwa sababu anasema waliobadilisha ni jina tu, mashati ni yale yale.

Nikaomba ruhusa nikaenda. Karatasi ilisema jengo halifai kukaliwa na binadamu, na kwamba wakaazi walitengeneze au walihame ndani ya siku thelathini. Nilimsomea mimi, maana miwani yake ni ya kusomea Kurani na hataki kuichafua kwa barua za serikali.

"Halifai kukaliwa na binadamu," akarudia. "Na miye n'liyezaliwa humu n'nani? Jini?"

"Ni lugha ya ofisi, shangazi."

"Basi ofisi haina adabu. Na huyo aliyewaita ndiye hana kabisa."

Nikatikisa kichwa kukubali. Aliyewaita nilikuwa mimi.

Sikufanya kwa uadui. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, dari za boriti. Chini, mbele, kuna sabule, chumba cha kupokelea wageni wanaume. Juu ya sabule kuna chumba cha shangazi. Dari la sabule, kwa maneno mengine, ndiyo sakafu anayolalia shangazi, na juu ya sakafu hiyo kimesimama kitanda cha samadari cha marehemu mama yake, ambacho kilipandishwa na wanaume sita na watatu kati yao walijuta. Wakati wa usafi wa Idi nilikuwa nafagia utando wa buibui mle sabuleni, na mpini wa ufagio ukazama ndani ya boriti. Nikapanda kiti nikatia kidole. Kikaingia mpaka kwenye pete, kama mtu anayejaribu mkate wa sinia kuona umeiva.

Nilimwita fundi kimyakimya, mzee anayejua nyumba za aina hii. Aligonga boriti moja moja huku ametega sikio. Kisha akashuka ngazi, akajipangusa vumbi na kusema, "Nne zimekufa. Ya tano ndiyo inayowashikilia maiti." Akaniambia bibi alale kwingine kuanzia usiku huo huo.

Bibi alikataa. Nilimwambia ahamie kwangu Ganjoni, kwenye fleti. Akasema hawezi kukanyaga juu ya vichwa vya watu asiowajua. Nilimwambia basi alale chumba cha nyuma. Akasema chumba cha nyuma ni cha makuti ya kuanzia moto. Nilimwambia tumlete fundi. Akasema hakuna mwanamume atakayeingia chumbani mwake na nyundo. Kuhusu wenzangu, watoto wa ami zangu, sitaki hata kuanza. Nyumba ni wakfu, babu aliiwekea kizazi chake chote, haiuzwi wala hairithiwi. Nyumba ya namna hiyo ni kama jamvi la msikiti: kila mmoja hukalia, anayelikung'uta haonekani. Kila niliyempigia simu aliniambia nianze mimi, yeye yuko nyuma yangu. Na ile methali ya kuziba ufa nisitajiwe tafadhali. Kwetu ufa ulizibwa kwa kalenda, na mwaka ulipokwisha kalenda ikabaki, kwa sababu ufa ulikuwa bado haujaisha.

Mimi ni karani. Mtu wa kawaida akikwama humlilia Mungu. Mimi huulizia fomu. Nikaenda kaunti, nikakuta kweli kuna fomu ya kuripoti jengo la hatari, nikaijaza kwa mwandiko wangu bora kabisa. Mahali pa uhusiano wangu na jengo nikaandika "mpita njia". Nilifikiri afisa atakuja, ataona boriti, atawaamuru watoto wa ami zangu watengeneze, nami nitasikitika pamoja na wengine. Nilitaka serikali iwe mbaya kwa niaba yangu. Nilikuwa mwoga, nasema wazi, na woga wangu nilikuwa nimeugongesha muhuri.

Ukoo wote ulikutana sabuleni Jumapili. Watu ambao kwa miaka hawakuleta hata tofali walikuja kulia juu ya nyumba ya babu. Hakuna aliyeuliza kuhusu boriti, ingawa walikuwa wamekaa chini yake. Swali lilikuwa moja tu, nani ametushtaki. Binti wa ami yangu, mwanamke mwenye mwili wa haja na sauti inayolingana nao, akasema kikulacho ki nguoni mwako. Nikasema ni kweli kabisa. Lakini nguo waliyoikagua ilikuwa ya mwingine. Ng'ambo ya kichochoro anakaa mama mmoja mjane anayeuza bajia na viazi karai kwenye baraza yake, naye mwaka uliopita alikuwa amelalamika kwamba maji ya paa letu yanamwagikia karai lake. Ikatosha. Tangu siku hiyo shangazi aliacha kumwitikia salamu, baada ya miaka arubaini ya kuulizana habari za asubuhi kabla ya chai.

Hapo ningesema. Nilifungua kinywa, nikajaza kaimati.

Kesho yake shangazi akatangaza kwamba Ijumaa baada ya alasiri itasomwa Halbadiri.

Kwa asiyeijua, Halbadiri ni kisomo ambacho aliyedhulumiwa humsomea mbaya wake asiyemjua, yampate yatakayompata. Sisi Waswahili tunaweza kuishi na mwizi, na hata na mwanasiasa, lakini tangaza Halbadiri uone. Kuku waliopotea hurudi. Simu huokotwa mlangoni ikiwa na chaji. Aghalabu haifiki kusomwa, kitisho chake kinatosha. Shangazi alitangaza Jumatatu ili mwenye haya ajitokeze kabla ya Ijumaa, na kazi ya kupika kahawa, kununua ubani na kupanga haluwa akanipa mimi, kwa kuwa ndimi anayeniamini.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini ni wachache wanaotakiwa waandae na vitafunio.

Nilijaribu kuihamisha. Nikasema, kwa nini isisomwe msikitini, au nyumbani kwa binti wa ami, kwenye sebule kubwa na feni mbili? Shangazi akaniangalia kama niliyeomba bia.

"Ameishtaki nyumba hini," akasema. "Atasomewa ndani ya nyumba hini."

Nikajiliwaza kwamba wanawake watakuwa wanne au watano, wazee, wembamba. Hapo nilisahau Kibokoni ni wapi. Kisomo cha kumtafuta mwenye hatia nani atathubutu kukikosa? Asiyekuja ndiye yeye. Ijumaa ilipofika walikuja wote wenye miguu, na wasio na miguu wakaletwa. Wanaume walijaa sabuleni, maalim na wasomaji wake katikati, kitabu kimefunguliwa juu ya marufaa. Wanawake wakapanda juu, chumbani kwa shangazi, zaidi ya ishirini, na walipokosa nafasi sakafuni wakakaa kitandani. Binti wa ami alikaa kitandani. Mama wa bajia pia alikuja, akasimama pembeni mlangoni na buibui lake la Idi, macho mekundu, maana yeye hasa hakuweza kukosa.

Nilikuwa ngazini na birika la kahawa niliposikia. Ulikuwa mlio mdogo, kavu, wa mtu anayevunja muwa ndani ya blanketi. Nikakimbia chini mpaka kwenye pazia la mlango wa sabule. Nikachungulia. Kwenye kikombe cha maalim kahawa ilikuwa imegeuka rangi ya maziwa, na haikuwa maziwa. Ilikuwa chokaa. Alikuwa amekwisha kupiga bismillahi.

"Maalim, usisome!" nikasema nyuma ya pazia. "Ni mimi!"

"Wewe nani?" maalim akauliza.

Nikajitaja, na ukoo wangu, na kazi yangu, nikataja mpaka rangi ya ile fomu. "Ni mimi niliyeripoti. Boriti nne zimeoza, fundi amenambia, na juu kuna watu zaidi ya ishirini. Tokeni!"

Naapa sikuiogopa Halbadiri. Niliogopa dari. Lakini mpaka leo hakuna mtu Kibokoni nzima anayenisadiki, na ninasikia kisomo cha maalim yule kimepanda sifa sana, maana kwake mwenye hatia hukiri kabla ya aya ya kwanza. Yeye mwenyewe aliinua macho kulitazama dari, akafunga kitabu kwa heshima, na aliyekuja kuniombea balaa akanipita pale mlangoni bila viatu.

Wanawake walishuka mmoja mmoja, kwa sababu ngazi zetu haziruhusu vinginevyo, na kila aliyenipita alinitazama. Binti wa ami alisema "Wewe!" mara moja tu, na sauti yake ilitosha kwa ukoo mzima. Kichochoro kikajaa. Nikawahesabu kwa macho. Shangazi hakuwamo.

Nikapanda tena mpaka mbele ya mlango wa chumba chake. Ulikuwa umerudishwa.

"Hodi, shangazi."

Hakujibu.

"Hodi. Shangazi, nakuomba."

Nilimsikia akipumua. Nikasikia pia sakafu. Nilikuwa na miaka hamsini na mmoja, na miguu yangu bado ilijua sheria kuliko mimi. Ilikuwa imekwisha anza kujiandaa kugeuka.

"Hodi," nikasema mara ya tatu. Ikapita. Na mimi nikasukuma mlango nikaingia.

Alikuwa amekaa katikati ya kitanda, tasbihi mkononi. Hakunipigia kelele. Alinitazama kama ambavyo angemtazama mtu wa kodi. Nikamshika mkono, mkono mwepesi kupita nilivyotarajia, nikamvuta mpaka kizingitini, na nyuma yetu kitanda cha mama yake kikapiga goti. Sijui kusema vingine. Mguu mmoja ulizama sakafuni mpaka kwenye ubao wa pembeni, na vumbi likapanda likatufunika. Hakikuanguka. Ile boriti ya tano, Mungu ailaze mahali pema, ilishika.

Chini, mguu wa samadari ulikuwa umetokeza darini, na nakshi zake na pete yake ya shaba, ukaning'inia juu ya marufaa ya maalim palepale alipokuwa ameinamisha kichwa. Watu walipita wiki nzima kuutazama. Nilimwona mmoja akiupiga picha.

Mama wa bajia ndiye aliyemletea shangazi kiti, akakiweka kwenye baraza yake, akampa maji. Shangazi alikunywa. Kisha akachukua bajia moja sahanini, akaitafuna taratibu mbele ya mtaa mzima.

"Leo umezidisha chumvi," akasema.

"Nitapunguza, bibi," mama akajibu, na nikamwona anajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, kwa sababu anamjua shangazi na alijua ameombwa radhi.

Mimi sikuombwa wala sikusamehewa. Nilimchukua Ganjoni siku hiyo hiyo, nikampa chumba cha binti yangu aliyeolewa. Kuhusu fomu hakuniuliza neno, nami siku ya tatu nikashindwa kuvumilia, nikamwambia nimefanya kosa kuwaita watu wa kaunti.

"Kushtaki umeshtaki," akasema. "Mtu hushtaki. Lakini n'likunyamazia mara tatu, nawe ukaingia."

Ikawa ndiyo kesi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilisimama mbele ya mlango wa chumba, ndani ya fleti yangu mwenyewe, na kikombe cha chai mkononi, nikapiga hodi. Tatu. Hajibu. Naiweka chai sakafuni naenda zangu. Jioni nakuta kikombe kimeoshwa. Mezani tulikula pamoja, tulizungumza habari za bei na za maiti, alinisahihisha upishi wa mbaazi. Lakini pale mlangoni sikupata karibu hata siku moja, na iliniuma kuliko Halbadiri yoyote. Nilitaka kumwambia kwamba ningeingia tena. Pia nilijua kwamba hilo yeye analijua, na ndiyo sababu.

Watoto wa ami walitengeneza nyumba. Haya ilifanya kazi ambayo fomu haikuweza. Hakuna ukoo unaotaka kujulikana kwa mguu wa kitanda. Fundi akaweka boriti mpya, akachoma chokaa kwa njia ya zamani, akakataa saruji kwa matusi. Kazi ilipokwisha afisa alitakiwa aje akague na kufuta amri. Akachelewa, nikapiga simu kuuliza. Maskini alikuwa amekuja mara mbili. Mama wa bajia alikuwa amemfundisha kwamba huku kwetu usipojibiwa hodi tatu unaondoka, naye, kwa heshima, nyumba tupu ilipomnyamazia alikuwa akiondoka. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe kumkaribisha. Aligonga boriti kwa kalamu, akatia sahihi, akasema pole kwa ile rangi. X imepakwa chokaa mara tatu na mvua ikinyesha bado inajionyesha, ya waridi.

Tulimrudisha shangazi siku ya Alhamisi. Alipanda ngazi peke yake, mkono ukutani, akatukataza kumfuata. Wengine wakaenda kula bajia. Mimi nikakaa chini kwenye ngazi kama nusu saa nikimsikiliza anatembea huku na huku juu ya kichwa changu, anaijaribu sakafu kwa kisigino. Haikulia. Kisha nikachukua chai yake nikapanda.

Mlango ulikuwa umerudishwa.

"Hodi."

Nikasikia kitanda kikipokea uzito.

"Hodi, shangazi."

Kimya. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hamu naye, mtu ambaye nimeishi naye chumba kwa chumba miezi tisa.

"Hodi," nikasema, ya tatu. Nikangoja. Hakujibu. Safari hii hakuna kilichokuwa kinavunjika, hakuna sababu niliyoweza kuandika kwenye fomu yoyote. Nikainama, nikaweka kikombe sakafuni, nikageuka, nikashuka ngazi ya kwanza, na ya pili.

"Karibu," akasema. "Na hiyo chai usiniwekee tini, n'na mgongo."